Mwalimu Aliyetusomea Habari za Waliotoroka

Mwalimu hakukaa akisoma. Alisimama nyuma ya meza ya plastiki katika ukumbi wa kanisa letu kule Tottenham, koti la sufu mwilini hata mwezi wa Julai, kitabu mkono wa kushoto, na kidole cha mkono wa kulia kikitambaa juu ya mistari ya Kiingereza huku mdomo wake ukitoa Kiswahili. Hakuwa na tafsiri iliyoandikwa. Aliutazama ukurasa na kutueleza kilichomo, kama mtu aliyesimama dirishani anavyowaeleza waliokaa nani anapita barabarani. Akikwama kwenye neno alinyamaza, akalikazia macho kama limemtukana, na sisi tukasubiri. Hakuna aliyethubutu kukohoa.

Vitabu vyake vilikuwa vya aina moja tu: habari za maisha, zilizoandikwa na watu weusi waliotoroka utumwani Marekani zamani zile. Walikuwemo wanaume na wanawake. Mmoja alitembea porini akifuata mto, mwingine alijifungia ndani ya sanduku akasafirishwa kama mzigo, mwingine alivaa nguo za mabwana na kupanda treni mchana kweupe. Walipofika mahali pa usalama walishika kalamu wakaeleza yaliyowapata. Wengi wao, Mwalimu alipenda kutukumbusha, walivuka bahari wakaja Uingereza hii hii, wakapanda majukwaani katika kumbi zenye baridi kama wetu.

Watu waliuliza yeye, mama wa Kizanzibari, Mwislamu wa kufunga na kuswali, karani katika ofisi ya nyumba za kaunsili, yaani serikali ya mtaa, ana shauri gani na vitabu hivyo, tena ndani ya kanisa la Wakongomani. Nilimjua zaidi ya miaka kumi na sijapata jibu moja la swali hilo. Nina mambo niliyoyaona kwake, na hayo ndiyo ninayoyaeleza.

Mimi ni mtu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Nilifika London miaka ya tisini ikielekea mwisho, na binti yangu Furaha, ambaye wakati huo alikuwa bado analala mchana. Siku moja baada ya ibada mchungaji alitangaza kwamba kuna mama amekuja kwake kulalamikia mabango ya kanisa yaliyobandikwa kwenye ukuta wa kaunsili, wakabishana, wakapatana, na sasa kila Jumamosi atasoma vitabu ukumbini kwa Kiswahili, na chai itakuwepo. Mchungaji alidhani ni jambo la mwezi mmoja. Mimi nilikwenda kwa ajili ya chai. Flati niliyopewa ilikuwa haipati joto, na ukumbi ulikuwa angalau na hita moja.

Jumamosi ile ya kwanza nilipata somo ambalo wote waliokuja baada yangu walilipata pia. Alikuwa anasoma habari za kijana aliyechapwa kwa kosa la kukutwa na kipande cha gazeti, kwa sababu kwa mtu kama yeye kujua kusoma kulikuwa hatia. Mama mmoja upande wangu akasikitika, akasema kwa sauti, "Maskini we!"

Mwalimu akasimamisha kidole. "Nani maskini?"

"Huyo kijana, Mwalimu."

"Huyu si maskini. Huyu ni mwandishi. Angekuwa maskini usingekuwa unamsikia leo hapa Tottenham." Akasubiri mpaka yule mama akaitikia, ndipo akaendelea.

Ndivyo alivyowaita wote: mwandishi wetu. "Mwandishi wetu wa leo ana miaka saba au minane, hajui siku aliyozaliwa." Hapo watu walicheka, kwa sababu ukumbini tulikuwa wengi ambao makaratasi ya ukimbizi yalituzaa sote tarehe mosi Januari, mzee na kijana, mke na mume. Mzee mmoja akasema basi na yule mwandishi apewe Januari yetu. Mwalimu hakucheka mara nyingi, lakini siku ile alilazimika kuvua miwani na kuifuta.

Jambo moja katika vitabu hivyo lilimkera kila mara. Karibu kila kimoja kilianza na barua ya mzungu fulani mwenye cheo, anayeshuhudia kwamba amemjua mwandishi, kwamba ni mtu mwema, na kwamba maneno haya ameyaandika mwenyewe kwa mkono wake. Mwalimu alizipita kurasa hizo kwa haraka. "Huyu bwana angoje nje," alisema. "Kwanza mwenye kitabu." Alizisoma mwisho, kitabu kikiisha, kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Na bado hakuwadharau walioziandika. "Bila barua hii," alitwambia mara moja, "hakuna ambaye angelinunua neno lake. Alijua, akakubali, kisha ndani akaandika alichotaka. Mnaona akili hiyo?"

Tuliiona, na akili yake yeye pia, kwa sababu nusu ya waliokaa mle ukumbini walikuwa wanangoja mtu fulani mahali fulani aandike kwamba wanaaminika.

Alikuwa na mambo yake ambayo hayakupatana. Alisema televisheni ni takataka inayomwagwa sebuleni kwa watu, lakini mashindano ya snuka yakianza, ule mchezo wa kusukuma mipira juu ya meza kwa fimbo, darasa lilifungwa mapema na hakuna aliyeambiwa sababu. Nilimkuta siku moja kwake ameketi mbele ya televisheni wima kama yuko msikitini. Nikamwuliza anaona nini mle. "Hakuna anayepiga kelele," alisema, "na kila mtu anangoja zamu yake akijua kwamba itafika." Alichukia watu wanaochelewa, na mwenyewe hakuwahi kufika kwa wakati, akilaumu treni ya Victoria kana kwamba dereva ni jamaa yake. Alitukataza kulia akisoma. Lakini alipofika kwenye habari ya yule mama aliyejificha juu ya dari kwa miaka, akiwatazama watoto wake kupitia tundu wasijue kama yuko, sauti yake ilishuka, ikashuka tena, kisha akafunga kitabu akasema, "Chai." Akatoka uani, na kulikuwa kunanyesha. Aliporudi alisema ana mafua. Tulimpa pole ya mafua.

Kitu kilichotukosanisha mimi na yeye ni Kiswahili.

Kwao Kiswahili ni kitu kilichopigwa pasi. Kwetu Bukavu ni nguo ya kazi. Nilipofungua mdomo mara ya kwanza nilimwambia, "Mwalimu, humu muko baridi mingi."

"Mingi?" akasema. "Baridi ni miti?"

Watu wakacheka, na mimi nikaona haya. Wiki iliyofuata akanirudia tena mbele za watu, na iliyofuata pia. Nikisema niko naenda, anasema ninakwenda. Nikisema batoto, anatazama huku na huku kama anawatafuta. "Hebu niambie tena, Mama Furaha, kwa Kiswahili safari hii." Siku moja nilisimama nikachukua mkoba wangu. Nikamwambia kwamba mimi Kiswahili sikukifundishwa shuleni, nilinyonyeshwa nacho, na kwamba mama yangu alinizikia kitovu na kunipa jina kwa Kiswahili hicho hicho. Nikatoka. Alinifuata mpaka kituo cha basi, koti wazi, bila mwavuli. Hakuomba radhi, sijawahi kumsikia akiomba radhi. Alisema, "Jumamosi ijayo tunaanza kitabu kipya. Kimeandikwa na mwanamke. Usikikose." Kisha akasimama pale pale mpaka basi langu likaja, anatetemeka.

Nilirudi. Tulibishana miaka yote iliyobaki, na Kiswahili hiki ninachoandika hapa nimekipata humo humo ndani ya mabishano.

Lakini aliyembana kweli hakuwa mimi. Alikuwa Shemasi wa kanisa letu, mzee kutoka Maniema, mtu mpole, mkubwa wa mwili, aliyezoea kukaa karibu na mlango. Kwa miezi mingi alisikiliza bila kusema neno. Siku hiyo Mwalimu alikuwa ametusomea mnada, mama anauzwa kwa huyu na watoto kwa yule, na ukumbi ulikuwa mzito. Shemasi akanyanyua mkono.

"Mwalimu, mie niko na swali. Bale batu benye balikuya kwetu kukamata babu zetu na kubafunga minyororo, balitoka wapi? Haiko kwenu, Unguja?"

Sote tulijua. Tulijua hata kwamba Kiswahili chenyewe kilifika kwetu kwa misafara ile ile. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia mwenyeji wa pwani usoni, tena anayetutilia chai. Mchungaji alisogea kwenye kiti chake akitaka kusema kitu cha kupoza.

Mwalimu akamzuia kwa kiganja. Akafunga kitabu. Hakuwahi kumsahihisha Shemasi Kiswahili chake, na siku hiyo pia hakumsahihisha.

"Ndiyo," alisema. "Walitoka kwetu."

"Na babu zako balikuwa mu bale?"

"Wamo. Na wamo waliofungwa. Kwetu, Shemasi, mtu anaweza kuwa mjukuu wa huyu na wa yule, na wote wawili wakatajwa kwenye dua moja. Zamani walikuwa wakitufundisha kumtaja mmoja tu."

Shemasi akaitikia kwa kichwa polepole. Hakuwa amemaliza. "Sasa mbona unatusomea ya Marekani? Yetu iko wapi?"

"Nimetafuta," Mwalimu alisema, na sauti yake haikuwa ya mwalimu tena. "Nimetafuta katika maktaba za mji huu miaka. Wa Marekani walipata kalamu. Wa kwetu wachache waliandikiwa na wamisionari, kurasa chache, ambamo nusu ni sala. Wengine wote hawakuandikwa. Ningekuwa nacho kitabu hicho tungeanza nacho."

"Babu wa babu yangu aliponyoka," Shemasi akasema. "Nyumbani tunajua vile alifanya."

Hapo Mwalimu alifanya jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Alitoka nyuma ya meza, akaja kukaa kwenye kiti cha plastiki katikati yetu, akapakata mkoba wake. "Basi njoo mbele," alimwambia. "Sisi tunasikiliza."

Shemasi alikwenda mbele, akasimama pale, mikono haijui pa kukaa. Kisha akaeleza. Babu huyo alikamatwa akiwa na mke kijana, wakafungwa pamoja na wengine, wakatembezwa kuelekea mashariki. Njiani kulikuwa na mti ambao utomvu wake huunguza ngozi na kuleta malengelenge. Akauchuna gome kwa meno, akajipaka uso na kifua, akampaka na mkewe. Kulipokucha walikuwa wamevimba, wametoka vipele vyenye maji. Wenye msafara wakapiga kelele kwamba ni ndui. Walikata kamba kwa panga, kwa mbali, bila kuwagusa, wakawaacha hapo wafe, na msafara wote ukaondoka mbio. Wale wawili walikaa kando ya njia wakitazamana nyuso zilizoharibika, wanacheka na kulia. Kovu la babu lilibaki shavuni mpaka uzeeni, na watoto walilishika kwa zamu.

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mwalimu hakupiga. Aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mti gani, Shemasi?"

"Jina lake silijuwe, Mwalimu."

"Piga simu nyumbani uulize. Mwandishi wetu lazima aujue mti."

Shemasi alipiga simu. Wiki tatu nne wazee wa kwao Kindu walibishana juu ya mti ule kwa gharama ya kadi zake za simu, na kila Jumamosi alituletea jina jipya. Hawajakubaliana mpaka leo. Lakini tangu siku ile Mwalimu na yeye walikuwa marafiki wa kweli, wa kugombana. Na nusu ya pili ya kila darasa ilikuwa yetu: mmoja alikwenda mbele akaeleza, Mwalimu akakaa kitini akauliza mti gani, mvua au jua, nani alifunga mlango.

Sasa niseme lililonipata mimi, kwa sababu pasipo hilo picha yake haikamiliki.

Ombi langu la ukimbizi lilikataliwa. Katika sababu zilizotolewa, kubwa ilikuwa kwamba sikutaka kusema nani alinivusha mpaka. Askari walipokuja nyumbani kwetu walituburuta nje, na mume wangu hakurudi. Mimi na mtoto tulifichwa na dereva wa lori aliyepanga magunia ya maharagwe akatuachia nafasi katikati, akatupitisha vizuizi vyote. Hakudai chochote. Dereva huyo alikuwa bado anapita barabara ile ile, na nilijua anawapitisha wengine. Afisa aliyenihoji aliniuliza jina lake nikakataa. Akaandika kwamba mtu asiyeweza kumtaja aliyemwokoa ni dhahiri amemtunga.

Wakili wangu, kijana mwenye nia njema na mafaili mengi, alinishauri kwamba kwenye rufaa, mbele ya jaji, nitaje jina lolote. Nikampelekea Mwalimu jambo hilo ofisini kwake, wakati wa chakula cha mchana.

"Lolote?" alisema, sendwichi mkononi. "Maneno yako yote ya kweli, kisha katikati utie jina moja la uongo? Watalishika hilo hilo."

"Na nikinyamaza, banasema niko nadanganya."

"Basi usinyamaze. Unakumbuka yule mwandishi aliyefika mahali pa kueleza njia aliyotorokea? Alifanya nini?"

Nilikumbuka. Katika kitabu chake alisimama pale pale akawaambia wasomaji kwamba njia anaijua na hataisema, kwa kuwa akiisema ataifunga kwa walioko nyuma. Alitwambia hivyo waziwazi. Mwalimu alikuwa ametusomea ukurasa ule mara mbili.

"Akinyamaza mtu hawajui ni mtu gani," alisema. "Akisema 'ninalijua na silitaji, na sababu yangu ni hii', hapo wanamjua. Kaseme hivyo mbele ya jaji. Na mimi nitakuwepo."

Alikuwepo. Alikaa nyuma kabisa, koti mwilini, mkoba mapajani. Mbele alikaa jaji, wakili wangu, wakili wa upande wa serikali, na mkalimani, bwana nadhifu wa Kiswahili cha shule. Nikaulizwa niseme askari walifanya nini. Nilikuwa nimejifunza kusema vizuri, miaka miwili ya 'ninakwenda' na 'watoto', lakini nilipoanza kueleza usiku ule Kiswahili cha Mwalimu kilinikimbia chote, nikabaki na changu.

"Balitutosha mu nyumba," nikasema. "Mie, na bwana yangu, na mutoto."

Mkalimani akasita, kisha akasema kitu kwa Kiingereza. Wakili wa serikali akainua uso kama aliyeokota kitu. Akauliza swali kwa upole mkubwa. Nilitafsiriwa: kama ninasema tulikuwa tunatosha ndani ya nyumba, mbona katika maelezo ya kwanza nilisema tulitolewa nje kwa nguvu? Sikuelewa swali. Nikarudia, balitutosha, balitutosha. Mkalimani akarudia vile vile. Nikamwona jaji anaandika.

Ndipo kiti kikakwaruza nyuma yangu.

"Hakusema hivyo," Mwalimu alisema, kwa Kiingereza.

Jaji alimwambia akae, yeye si sehemu ya kesi.

"Nitakaa, bwana. Lakini mama huyu amesema jambo moja na wewe umeambiwa jingine. Kwao kutosha ni kutoa. Anasema waliwatoa nyumbani kwa nguvu, yeye, mumewe na mtoto. Ndivyo alivyosema tangu mwanzo na hajabadili neno."

Mkalimani aligeuka. "Katika Kiswahili sanifu..."

"Hakukimbia kwa Kiswahili sanifu," Mwalimu akamwambia, kwa Kiswahili, ili asikie vizuri. Kisha akamgeukia jaji. "Mimi nilifundisha lugha hii shuleni kwetu kabla ya kuwa karani hapa. Anachosema ni Kiswahili, na ni chake. Mtafutieni mtu anayekijua." Akakaa.

Nilidhani wamekwisha kunifukuza nchi. Lakini wakili wangu alipata nguvu, akasimama, akaomba kesi iahirishwe mpaka apatikane mkalimani wa Kongo. Jaji akakubali.

Mara ya pili nilieleza yote kwa lugha yangu mpaka mwisho. Nilipoulizwa jina la dereva nilisema ninalijua, sitalitaja, na nikasema kwa nini. Jaji aliniuliza kama ninafahamu kwamba hilo laweza kuniponza. Nikasema ninafahamu. Uamuzi ulipokuja, wakili alinisomea kwenye simu: nimekubaliwa, na katika sababu zake jaji aliandika kwamba kukataa kwangu kumtaja mtu yule kumemfanya aniamini zaidi.

Siku ile ya kwanza, tulipotoka mahakamani, tulipanda basi pamoja. Tulipokaribia kushuka akanigonga goti. "Ni 'walitutoa', Mama Furaha," alisema. "Lakini si kwa leo."

Miaka ikapita nikapata habari kutoka nyumbani kwamba dereva yule amefariki, kwa maradhi, kitandani pake, watoto wake wamekuwa watu wazima. Sasa ningeweza kulitaja jina lake bila kumdhuru mtu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu, nikaona ndiye anayestahili kulisikia kwanza. Nilipofungua mdomo akanyanyua kiganja. "Mimi sina haja nalo. Furaha ndiye mwenye haja nalo." Nikarudi nyumbani nikamwita binti yangu, wakati huo yuko sekondari, anayenielewa kila neno na kunijibu kwa Kiingereza. Nikamweleza juu ya lori na maharagwe, nikamtajia jina. Alilirudia taratibu, sauti zote mahali pake, akauliza kama naweza kumwandikia lilivyo.

Mwalimu alistaafu, magoti yakamsumbua, akahamia Hounslow kwa mpwa wake anayefanya kazi uwanja wa ndege. Ukumbi nao uliuzwa, na darasa likahamia sebuleni kwa Shemasi. Tulizungumza kwa simu zaidi ya kuonana. Kisha mwezi mmoja wa Oktoba, ambao shule za London hufundisha habari za watu weusi, akanipigia. Shule ya msingi ya jirani imemwomba akawaeleze watoto juu ya waandishi wake. "Nataka mtu wa kwenda nami," alisema. "Wa kunishika kwenye ngazi nikimwomba, na nisipomwomba aniache."

Nilikuwa na siku ya mapumziko katika kazi yangu ya kuhudumia wazee. Nikaenda.

Aliwaeleza watoto vizuri, amesimama, na kwa Kiingereza chake kilichonyooka aliwafanya wakae kimya kama sisi zamani. Mwishoni mikono ikainuka. Msichana mmoja mwenye hijabu nyeupe akauliza: utumwa ulipokwisha, wale watu walirudi kule walikotoroka, kutazama?

"Wengine walirudi," Mwalimu akasema. "Kutafuta mama zao, ndugu zao."

"Waliogopa?"

"Nadhani waliogopa," alisema, "na wakaenda."

"Na wewe ulirudi kwenu?"

"Bado," akasema Mwalimu, na mwalimu wa darasa akapiga makofi, ikawa saa ya chakula.

Neno hilo moja lilikuwa kubwa kuliko yote aliyowahi kuniambia juu ya nafsi yake. Sisi tuliokwenda mbele ukumbini, tukaulizwa mti gani na nani alifunga mlango, hatukuwahi kusikia yeye aliondokaje kwao. Aliyemwuliza alimiminiwa chai. Nilijua aliondoka katika miaka mibaya na kwamba hakukanyaga tena. Basi.

Tulitoka, ndege zinapita juu yetu chini chini, magurudumu yametokeza. Tulipofika kwenye duka la wakala wa safari, ambalo tulilipita asubuhi bila kulitazama, alisimama. Akasukuma mlango mwenyewe.

Ndani alikuwepo Mhindi mmoja wa makamo, kalenda yenye picha ya hekalu la Kihindu la Neasden ukutani nyuma yake. Akatusikia tukizungumza, uso ukamfunguka. "Karibuni, karibuni! Mimi mtu wa Mombasa. Mama anakwenda wapi?"

"Unguja."

"Kwenda tu, au kwenda na kurudi?"

"Kwenda na kurudi," alisema Mwalimu, akavuta kiti, akakaa, magoti yakalia.

Yule bwana akachapa chapa kwenye kompyuta. "Nakutilia kiti cha kando ya njia, mama? Ni rahisi kwa miguu."

"Hapana. Dirishani."

"Safari ndefu, mama. Kuinuka itakuwa taabu."

"Dirishani, mwanangu," Mwalimu akasema. "Niliondoka nimelazwa mashuani chini ya turubai. Sikuona kitu."

Vidole vya yule bwana vikasimama juu ya herufi. Akanitazama mimi. Kisha akachapa, na Mwalimu akainama mbele, miwani puani, kutazama kwenye kioo kama jina lake ameliandika sawa.